Kwa Machozi Hakulia Mtu

Nilikuwa nimejiandaa kugombana tangu Alhamisi. Jumamosi asubuhi nilipofika stesheni ya zamani ya Naivasha na kulikuta kundi la watu kumi na wawili wamesimama na kofia zao na chupa zao za maji, nilikuwa nimeshagombana na kila mmoja wao kichwani, na nimewashinda wote. Mwongoza ziara alinipa kibandiko cha kubandika kifuani, kimeandikwa "Karibu Naivasha". Nilikitia mkobani. Mimi nikaribishwe Naivasha na nani?

Ukifuata barabara inayoteremka ziwani, mahali lami inapokutana na njia ya vumbi itokayo kwenye mashamba ya maua, utafika kwenye kona inayoitwa Kwa Machozi. Makanga wanaiita hivyo, wachungaji wanaiita hivyo, hata risiti za duka la simiti lililo ng'ambo ya barabara zimeandikwa hivyo. Kwenye kona hiyo dada yangu mdogo anakaanga samaki. Kabla yake alikaanga mama yetu, na kabla ya mama hapakuwa na kitu ila mgunga mmoja na mtaro wa maji ya mvua. Mama alitoka upande wa Kabazi akiwa amenibeba mgongoni, baada ya shamba la baba kugawanywa na yeye kukosa hata upana wa mkeka. Alikuja kutafuta kibarua kwenye maua, hakukipata, akajinunulia karai.

Jina lilitokana na karai hilo. Mama alitumia kuni za mgunga, na mara nyingi zilikuwa mbichi kwa sababu kavu zilikuwa na wenyewe. Kwenye mafuta alitia pilipili, za kutosha, kwa imani kwamba pilipili huondoa harufu ya matope katika samaki wa ziwa letu. Mchana upepo wa ziwani ukianza, moshi ule wote ulihamia barabarani. Waendesha baiskeli walilia, wanafunzi walilia, madereva wa malori walifunga vioo wakamtukana mama wakilia. Watu wakaanza kuambiana tukutane pale kwa machozi. Hiyo ndiyo historia yake yote, na mtoto wa darasa la kwanza angeielewa.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, dada alinipigia simu. Aliletewa karatasi kutoka ofisi ya mji kwamba ahame ifikapo mwisho wa mwezi. Angepewa nafasi nyuma ya soko jipya, mahali ambapo hata mbwa hapiti ila kama amepotea. Kona yake ingetengenezwa bustani, iwekwe benchi la kupumzikia na kibao, kwa kuwa ni eneo la kihistoria.

"Historia gani?" nikamuuliza.

"Sasa mimi nitajua aje? Wewe si ndio mwalimu wa historia?"

Ni kweli. Nakaa Lanet, na kwa miaka mingi nimefundisha Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Nakuru. Nikamuuliza nani aliyeitoa historia hiyo. Akasema hajui, ila kuna kijana huleta watu kila Jumamosi wakitembea kwa miguu, huwasimamisha chini ya mgunga, huwaambia jambo kwa sauti ya chini, halafu huwaleta kwake kula samaki. Wengine huja macho yakiwa mekundu kabla hata hawajaufikia moshi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikajiandikisha kwenye ziara.

Mwongoza ziara alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye kofia pana na kipaza sauti kidogo kilichoning'inia shingoni. Alikuwa na adabu nyingi. Ningependa kusema alikuwa na kiburi, lakini hakuwa nacho, na jambo hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mtu mwenye adabu hupati mahali pa kumshikia.

"Hapa ndipo Naivasha ilizaliwa," akaanza, pale stesheni.

"Ilizaliwa na nani?" nikauliza.

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. "Good question, mathe. Ilizaliwa na reli."

Nikamwambia Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe hapa kabla reli haijawa hata wazo, na jina lenyewe ni lao. Akasema ni kweli kabisa, asante sana kwa kuongezea, tuendelee. Tukaenda kwenye maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza za mbao, akatuonyesha misumari ya kale. Tukaenda kwenye kanisa la mawe. Akasema mzungu fulani alilijenga kanisa lile.

"Peke yake?" nikauliza.

"Aki mathe, utatumaliza leo."

Kufikia hapo watu wawili waliotoka Nairobi, mzee mmoja mstaafu na mkewe, walikuwa wameanza kutembea upande wa pili wa barabara ili wasiwe karibu nami. Sikujali. Niliwaona wakipiga picha kila jiwe na kila bawaba, na kumpita bila salamu mwanamke aliyekuwa akifagia mlango wa kanisa hilo hilo. Hasira yangu ilikuwa tamu. Nilijua niko upande wa haki, na mtu akijua hivyo hata jua halimchomi.

Tukateremka kuelekea ziwani. Maji yamepanda miaka hii, yamemeza ua na vyoo na mashamba ya watu, na mwongozaji alituonyesha paa moja lililobaki juu ya maji akasema ni mahali pazuri pa kupigia picha. Sikusema kitu. Nilikuwa najiwekea akiba.

Kwa Machozi tulifika karibu saa sita. Dada yangu alikuwa hatua thelathini kutoka tuliposimama, ameinamia karai, leso kichwani. Hakuniona. Mwongozaji akatukusanya chini ya mgunga, akazima kipaza sauti, akashusha sauti yake.

"Imagine ni wakati wa vita," akasema. "Kuna settler mmoja na bibi yake, wametoka kwao juzi tu. Bwana anaitwa vitani. Anaondoka na ile ndege ya kutua kwa maji, hapo kwa lake. Bibi anamwambia, nitakungoja hapa kwa hii kona. Basi kila siku saa kumi na moja jioni anakuja. Amebeba mwavuli wa blue, handle yake ni kichwa ya bata. Anasimama hapa mlipo, analia. Mvua, jua, analia. Wafanyikazi wakipita wanaambiana, ameenda tena kwa machozi yake. Na bwana hakurudi. Ndio maana mpaka leo hii place inaitwa Kwa Machozi."

Mke wa yule mstaafu akashika kifua. Mtu akasema wuui. Mimi, niliyekuwa nimefungua mdomo tangu neno "settler", nikaufunga aliposema bata.

Mwavuli ule naujua. Ulikuwa wa mwalimu mkuu wa shule yangu ya bweni. Ulining'inia nyuma ya mlango wa ofisi yake, buluu, mpini wa mbao uliochongwa kichwa cha bata, na sisi tulioitwa kuadhibiwa tuliutazama huo ili tusimtazame yeye. Haukuwahi kufika Naivasha. Haukuwahi kushikwa na mke wa mzungu yeyote. Uliletwa Kwa Machozi na ulimi wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimefunga shule, nimerudi nyumbani. Nilikuwa msichana wa kwanza kutoka kona ile kwenda bweni, na nilivaa sweta ya shule mchana wa jua kali ili hata kuku wajue nasoma wapi. Siku hiyo akapita mzungu mwanamke mwenye daftari, mtu mzima, akilizunguka ziwa kwa miguu na kuuliza majina ya mahali. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka. Akaniuliza kwa nini hapa panaitwa Kwa Machozi.

Mama alikuwa nyuma yangu na moshi wake. Alikuwa amejifunga gunia kiunoni, pua inamtiririka, magamba ya samaki yamemganda mikononi hadi kwenye viwiko. Nilitakiwa tu kunyoosha kidole. Badala yake nikasema palikuwa na bibi mmoja Mwingereza. Nilipomwona yule mgeni anafungua ukurasa mpya, nikampa na mume. Nikampa ndege ya majini, maana wazee walikuwa wamewahi kutuambia kwamba zilikuwa zikitua. Nikampa mwavuli. Aliandika yote, akanishukuru, akaniambia nina Kiswahili kizuri sana. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikwenda miaka zaidi ya thelathini, ikachapishwa, ikarudi nyumbani imevaa kofia pana kuja kumfukuza dada yangu.

"Ni uongo!" nikasema. Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Mwongozaji akanigeukia na adabu zake. "Mathe, kila mtu ako na version yake. Lakini hii iko kwa kitabu." Akatoa kwenye begi nakala zilizowekwa kwenye karatasi za plastiki. Kijitabu cha safari, kilichochapwa mbali, mistari imepigwa rangi ya njano.

"Na kitabu kiliitoa wapi?"

"Kwa wazee wa hapa."

"Mzee wa hapa nilikuwa mimi! Nilikuwa na sketi ya shule! Nilimdanganya!"

Walicheka. Sijawahi kuchekwa hivyo hata na kidato cha pili siku ya mwisho ya muhula. Mtu mmoja akanielekezea simu kunirekodi. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa: sweta, daftari, mwavuli wa mwalimu mkuu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kufurahi, wakadhani ni sehemu ya ziara. Mwishowe yule mstaafu akanikaribia, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemtuliza mlevi.

"Mama, hata kama ni wewe uliitunga," akasema, "si ni hadithi nzuri? Mbona uiharibu?"

"Nzuri kwa nani?"

Hapo upepo wa ziwani ulianza. Moshi wa dada yangu ukaja wote, mbichi, na pilipili zake. Kundi zima likaanza kukohoa na kufuta macho. Mke wa mstaafu akatoa hanchifu, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, na mwongozaji, ambaye nadhani mzaha huo alikuwa nao kila Jumamosi, akasema, "Mnaona? Hata sisi tumeanza kulia kama yeye."

"Hiyo ndiyo maana!" nikapiga kelele. "Hiyo inayowawasha ndiyo maana ya jina! Mnayo puani!"

Wakapiga picha ya pamoja.

Jibu lilikuwa likiwaingia machoni na wao wanaliuliza karatasi. Mwanamke mmoja asiyekuwepo, aliyemlilia mwanamume mmoja asiyekuwepo, alistahili benchi na maua. Mwanamke aliyekuwepo, aliyetokwa na machozi kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili ili watoto wake wawili wale na wasome, hakustahili hata kuachiwa mahali pa kuweka mafiga. Na tusidanganyane: ningemwambia yule mgeni ukweli siku ile, angelifunga daftari akaendelea na safari. Nililijua hilo nikiwa na miaka kumi na saba. Nililijua vizuri sana, na nikampa alichotaka, kwa sababu mimi pia nilikitaka.

Wakaenda kula. Walikula samaki wa dada yangu kwa ugali na kachumbari, wakamsifu, wakamuuliza kama hujisikia vibaya kufanyia kazi mahali penye huzuni namna hii. Akawaangalia tu. Kisha akaniona, akaniita kando kwa kichwa.

"Mwalimu, nimesikia ukipiga kelele. Ati ni wewe?"

Nikamwambia. Aligeuza samaki watatu kabla ya kusema tena.

"Si ungesema tu ni moshi."

"Niliona aibu."

"Aibu ya moshi?"

"Ya Mama."

Dada yangu ni mtu wa kelele. Akipandwa na mori, hata ng'ambo ya barabara wanajua. Siku hiyo hakupiga kelele. Alijifuta mikono kwenye aproni polepole, kidole baada ya kidole, akasema, "Jumatatu utakuja twende kwa hao watu wa ofisi. Useme hivyo hivyo vile umeniambia. Usiongeze na usitoe."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakuniambia. Jumapili nikaandika kauli yangu, kurasa mbili, kwa mkono, nikatia sahihi. Nilikuwa nimewasahihishia wanafunzi maelfu ya insha, lakini kauli hiyo ilinichukua siku nzima. Kila nilipofika mahali pa kuandika sababu, niliandika "utoto". Nikafuta. Nikaandika "kutojua". Nikafuta. Mwishowe niliandika kwamba nilimwonea mama yangu aibu, na nikaiacha hivyo.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikashuka Naivasha kabla ya saa tatu. Dada alikuwa ananingoja langoni mwa ofisi, amevaa nguo ya kanisani. Afisa aliyetupokea alitupa viti, akatuuliza kama tutakunywa chai. Kwa nini siku hizi watu wanaokunyang'anya wana adabu namna hii? Zamani walitutukana, na mtu alijua ajibu nini.

Aliisoma kauli yangu yote, ukurasa wa kwanza na wa pili. Akaiweka mezani akailainisha kwa kiganja.

"Madam, wewe ni mwalimu wa historia?"

"Ndiyo."

"Na unakubali kwamba ulidanganya."

"Ndiyo. Nimeandika."

"Sasa, na usikasirike, nitajuaje leo hudanganyi? Kwa sababu leo uko na interest. Huyu ni sister yako. Wakati ule hukuwa na interest yoyote."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu mwanafunzi wangu angeniandikia hivyo ningempa alama zote. Nikamwambia wakati ule nilikuwa na sababu kubwa kuliko leo. Akasema anaelewa, ila hisia haziwekwi kwenye faili. Dada yangu, ambaye hakuwa amefika kusikiliza mashindano ya mantiki, akamkatiza.

"Boss, tuambie tu. Unataka nini ndio hiyo karatasi itolewe?"

"Shahidi," akasema. "Unajua hii hadithi yao iko na shahidi."

Sikujua kama hilo limo kitabuni. Mwongozaji hakulitaja Jumamosi. Afisa akafungua faili, akapata nakala ile ile yenye njano, akafuata mistari kwa kalamu huku akitutafsiria polepole. Kwamba mwandishi alisimuliwa kisa na msichana wa shule. Kwamba mwanzoni hakukiamini sana. Kwamba alikiamini kwa sababu mwanamke mmoja mkaanga samaki, aliyekuwa na jiko lake hapo hapo kwenye kona, alithibitisha kwamba alimwona bibi huyo akilia, kwa macho yake mwenyewe.

"Sasa huyu mama," akasema, "ndiye mniletee. Akisema hakuona, tutaangalia."

"Alikufa," nikasema.

"Oh. Poleni sana."

"Na hangeweza kuona! Vita vile vilipiganwa kabla hajazaliwa! Hesabu miaka!"

"Mko na cheti chake cha kuzaliwa?"

Nani wa rika la mama yangu, kule Kabazi, alizaliwa na cheti? Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika, na mlinzi akaja akasimama mlangoni. Afisa akafunga faili. Akasema ushahidi wa marehemu hauwezi kubadilishwa na mtu mwingine, na mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Akatushukuru kwa kufika. Nilikuwa bado nazungumza nilipogundua kwamba dada yangu hazungumzi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake ananitazama mimi. Miaka ile pale kwenye kona palikuwa na mkaanga samaki mmoja tu.

Tulitoka. Alikaa kwenye ngazi za ofisi bila kujali nguo ya kanisani, na mimi nikakaa ngazi moja chini yake.

"Mama alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mama yetu. Mwenye alituchapa juu ya kijiko cha sukari."

"Ndiyo."

"Kwa kauli yako hukuandika."

"Sikuandika."

"Niambie."

Nikamwambia. Nilipomaliza kudanganya, yule mgeni hakulifunga daftari mara moja. Alimtazama mama juu ya bega langu, akamuuliza, "Ni kweli, mama?" Ikabidi nigeuke. Mama alikuwa ameshika samaki kwa mkia, hajamtia kwenye mafuta. Alisikia kila neno, maana hatukuwa mbali. Hakumtazama mzungu. Alinitazama mimi, sweta yangu, uso wangu, muda wa kutosha kuona kila kitu kilichokuwepo. Sijui niliweka uso gani. Najua kwamba sikutikisa kichwa, sikumkonyeza, sikumwomba kwa neno lolote, na kwamba nilikuwa namwomba. Akajifuta macho kwa mkono wa juu, pale pasipokuwa na magamba. Akasema, "Ni kweli. Mimi nilimwona na hii macho. Alilia sana huyo mama. Machozi yake ilikuwa mingi."

Yule mgeni akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Watu walipanda na kushuka ngazi wakitupita, na mmoja akatuomba tusogee. Tulisogea.

"Na mzungu alipoenda," dada akasema, "ulimwambia nini Mama?"

"Yeye ndiye alianza. Aliniuliza, 'Nimesema vizuri?'"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia machozi hayasemwi ilikuwa mingi. Husemwa yalikuwa mengi."